Jiko la Quelle na haki yako ya miaka miwili

Friji uliyonunua dukani Ujerumani ikiharibika baada ya miezi kumi, mara nyingi muuzaji atakwambia uwaandikie watengenezaji. Usikubali haraka. Kisheria anayewajibika kwa kasoro ni yeye uliyemlipa, kwa miaka miwili tangu ukabidhiwe bidhaa. Waranti ya kiwanda ni nyongeza tu, haiifuti haki hiyo. Kwetu sisi tuliozoea risiti zenye maneno "mali ikishauzwa hairudishwi", ni rahisi kuondoka kimya.

Haki yenyewe si ya zamani. Sheria ya kiraia ya Ujerumani, BGB, ilianza kutumika mwaka 1900, na kwa karne nzima ilimpa mnunuzi miezi sita. Angeweza kurudisha bidhaa au kupunguziwa bei. Kutengenezewa hakukuwa haki yake mpaka mkataba useme hivyo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lililozitaka nchi wanachama zimlinde mlaji kwa miaka miwili, na zikapewa hadi 1 Januari 2002 kulitekeleza. Ujerumani ingeweza kupachika vifungu vichache yakaisha. Waziri wa sheria, Herta Däubler-Gmelin, akaamua kuifumua sheria ya mikataba na kuisuka upya, ingawa maprofesa wengi walipinga. Naona alifanya vyema: kinga ya mlaji imekaa ndani ya BGB yenyewe.

Hata hivyo, kupitisha sheria hakukumaliza kazi. Agosti 2002 mteja mmoja aliagiza jiko kutoka Quelle, kampuni iliyouza kwa katalogi. Mwanzoni mwa 2004 enameli ya ndani ya oveni ilikuwa imebanduka. Halikutengenezeka, akapewa jipya, kisha akadaiwa karibu euro 70 kwa muda aliopikia lile bovu! Na sheria ya Ujerumani iliruhusu hivyo waziwazi. Chama cha kutetea walaji kikafungua kesi, na majaji wa Ujerumani wakapeleka swali kwenye Mahakama ya Haki ya Ulaya, Luxembourg. Jibu lilitoka 17 Aprili 2008: kubadilishiwa ni bure, mlaji hadaiwi senti. Muuzaji ndiye aliyeleta kitu kibovu, kwa nini mnunuzi alipe? Kabla mwaka haujaisha, kifungu kikarekebishwa.

Tangu 1 Januari 2022, kwa agizo jingine la Ulaya, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka mmoja huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo; muuzaji ndiye athibitishe vinginevyo. Zamani ilikuwa miezi sita.

Tahadhari kwa wanaonunua magari yaliyotumika ya kupeleka Mombasa au Dar es Salaam: kinga hii ni ya mlaji anayenunua kwa mfanyabiashara. Mtu binafsi akikuuzia gari lake anaweza kuondoa dhamana yote kwa sentensi moja. Na ukisaini kwamba wewe ni mfanyabiashara, wakati gari ni la mama yako kijijini, umejivua kinga hiyo mwenyewe. Soma mstari huo kabla ya kushika kalamu.