Istilahi na Mahali: Dhana ya Kuweka Msimbo Mpakani katika Kumbukumbu ya Kompyuta

Miongoni mwa dhana za kompyuta zinazomtatiza mwundaji wa istilahi za Kiswahili ni ile ya kuuanzisha msimbo wa programu kwenye anwani teule ya kumbukumbu. Maneno yanayojitokeza kwanza, "mpangilio" na "ulinganifu", yote mawili yanapotosha. La kwanza hudokeza kwamba vipande vya programu vimebadilishiwa utaratibu wa kufuatana. La pili, kwamba vimefanywa kuwa na urefu mmoja. Ukweli si huu wala ule.

Kompaila ni programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa amri za mashine. Kila amri huchukua baiti moja au zaidi, na kila baiti ina anwani yake. Hata hivyo, kichakataji hakisomi baiti mojamoja bali kwa mafungu. Katika vichakataji vingi fungu la kache huwa la baiti 64. Kitanzi cha baiti 40 kikianzia mwanzoni mwa fungu, huenea humo chote. Kikianzia baiti ya 50, hukatika na kukalia mafungu mawili.

Katika kompaila ya GCC, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, chaguo -falign-functions hushughulikia mianzo ya funksheni, na -falign-loops mianzo ya vitanzi. Thamani 32 huagiza kwamba anwani ya mwanzo igawanyike kwa 32 bila baki. Nafasi inayoachwa nyuma yake hujazwa amri zisizotenda lolote. Viwango vya -O2 na -O3 huyawasha machaguo haya. Kiwango cha -Os, ambacho hulenga programu ndogo, huyazima, kwa kuwa vijazo huongeza ukubwa.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hana ugeni na fikra hii. Katika tarbia ya mizani 16, kina cha kati huangukia mizani ya 8, na mtunzi aliyepungukiwa hurefusha neno ili kina kifike mahali pake. Tofauti ni kwamba kijazo cha mshairi husikika, ilhali cha kompaila hakina kazi ila kushika nafasi.

Suala hili si la maneno matupu. Mwaka 2009, Todd Mytkowicz na wenzake walionyesha kwamba kubadili tu utaratibu wa kuunganisha mafaili ya programu kwaweza kugeuza hukumu kuhusu manufaa ya -O3. Basi anayerekebisha mstari mmoja na kuona kasi imeongezeka hana budi kuuliza: je, ni mstari wenyewe, au ni msimbo uliosogea? Neno "mpangilio" humficha swali hilo, kwani huchanganya utaratibu na mahali. "Uwekaji mpakani", ijapokuwa ni istilahi ndefu kidogo, hutaja kile hasa kinachotendeka.