Wastani wa Wingu na Wastani wa Nuru: Uwakilishaji wa Mawingu Yasiyolingana ya Baharini katika Modeli za Tabianchi

Katika pwani za magharibi za mabara, ambako maji baridi hupanda kutoka vilindini, bahari hufunikwa kwa sehemu kubwa ya mwaka na mawingu ya chini yaitwayo stratokumulusi. Maeneo mashuhuri ni pwani ya California, pwani ya Peru na Chile, na pwani ya Namibia na Angola. Mawingu hayo ni membamba, aghalabu mita mia chache tu kutoka kitako hadi kilele, lakini kwa ujumla hutanda juu ya takribani moja ya tano ya eneo la bahari zote. Yakitazamwa kutoka juu ni meupe, ilhali bahari iliyo chini yake ni nyeusi na huakisi sehemu ndogo sana ya mwanga wa jua. Kwa upande wa mionzi ya joto inayotoka duniani hayaleti tofauti kubwa, kwa kuwa vilele vyake viko karibu na maji na halijoto yake haipishani sana na ya maji hayo. Ndiyo maana athari yake ya jumla ni kupoza.

Ugumu huanza pale mawingu hayo yanapoingizwa katika modeli ya tabianchi. Modeli hugawa angahewa katika visanduku, na kwa muda mrefu upande mmoja wa kisanduku umekuwa na urefu wa takribani kilomita 100. Ndani ya kisanduku hicho modeli huhifadhi tarakimu chache: ni sehemu gani imefunikwa na wingu, na wingu hilo lina maji kiasi gani kwa wastani. Picha za setilaiti huonyesha hali tofauti kabisa. Pana seli zilizofunga, zenye kitovu kizito na kingo nyembamba. Pana pia seli zilizo wazi, ambazo katikati yake ni bahari tupu na mawingu yamebaki kama utando wa kuzizunguka. Maji ya wingu hubadilika ndani ya mita mia chache. Kuyasawazisha katika kisanduku kizima ni kudhani wingu ni kama ubao bapa wenye unene mmoja kila mahali.

Dhana hiyo ina kosa ambalo halijifuti lenyewe. Uwezo wa wingu kuakisi mwanga hutegemea unene wake wa kimwanga, yaani kiasi ambacho matone yake huzuia miale kupita. Unene huo huongezeka kadiri maji yanavyozidi na kadiri matone yanavyokuwa madogo. Lakini uakisi haukui kwa uwiano uleule. Katika wingu jembamba, nyongeza ndogo ya maji hulifanya jeupe zaidi kwa kiasi kikubwa. Katika wingu ambalo tayari ni zito, nyongeza ileile haionekani sana. Kwa matone ya maji, kanuni ya kukadiria inayotumika mara nyingi ni kugawa unene wa kimwanga kwa jumla ya unene huohuo na 7.7.

Chukulia kisanduku ambacho nusu yake ina unene wa 2 na nusu nyingine 18. Wastani ni 10, na kwa wastani huo kanuni inatoa uakisi wa 0.56. Hesabu ikifanywa kwa kila nusu peke yake, ya kwanza inatoa 0.21 na ya pili 0.70, na wastani wake ni 0.45. Maji ni yaleyale, jua ni lilelile, lakini wingu bapa limerudisha angani zaidi ya kumi katika kila mia ya nuru iliyolifikia. Jua likileta wati 400 kwa mita mraba, kosa hukaribia wati 45 mahali hapo. Mfano huu umetiliwa chumvi kwa makusudi. Hata hivyo, kuongezeka maradufu kwa kabonidioksaidi angani hubadilisha mizani ya mionzi ya dunia kwa takribani wati 4 tu. Ikumbukwe pia kwamba kosa lina upande mmoja daima: mkunjo wa kanuni hulifanya wingu bapa kuwa jeupe kupita kiasi, na kamwe si kinyume chake.

Robert Cahalan na wenzake walilipima jambo hili kwa vipimo vya maji ya mawingu vilivyochukuliwa mwaka 1987 katika kisiwa cha San Nicolas, karibu na pwani ya California. Katika makala yao ya mwaka 1994 walionyesha kwamba kosa la uakisi laweza kuzidi asilimia 10 katika maeneo makubwa, tena hata pale wingu linapofunika anga lote bila pengo. Walipendekeza pia dawa nyepesi: unene wa wastani uzidishwe kwa takribani 0.7 kabla ya kukokotoa mionzi. (Katika mfano wa hapo juu, kizidisho ambacho kingetoa jibu sahihi ni 0.64.) Mwaka 1996 Tiedtke aliingiza wazo hilo katika modeli ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa wa muda wa kati, na modeli nyingine zikafuata.

Umaarufu wa kizidisho hicho unaeleweka, kwa kuwa hakigharimu muda wowote wa kompyuta. Lakini tarakimu iliyotokana na aina moja ya wingu, mahali pamoja na katika msimu mmoja, ikaanza kutumika kwa mawingu ya dunia nzima. Baya zaidi, ikawa mojawapo ya vigezo vinavyorekebishwa ili jumla ya mionzi ya modeli ilingane na vipimo vya setilaiti. Hapo maana yake ya kifizikia ilipotea. Modeli nyingi zimegunduliwa kuwa na mawingu ya chini machache mno, lakini meupe mno. Makosa hayo mawili hufichana, na jumla ikaonekana sawa. Modeli iliyosawazishwa hivyo yaweza kutoa jibu zuri kwa tabianchi ya leo na bado ikakosea kuhusu ya kesho, kwa sababu kifuniko cha mawingu kikipungua katika dunia yenye joto zaidi, kila kipande kinachotoweka kitakuwa kimehesabiwa kwa weupe usio wake.

Mwaka 2003 Pincus, Barker na Morcrette walileta njia nyingine. Badala ya kusahihisha wastani, modeli huzalisha safu nyingi ndogo kwa bahati nasibu ndani ya kisanduku, kila safu ikiwa na maji yake. Kukokotoa mionzi ya kila safu kwa kila sehemu ya wigo wa mwanga kungekuwa ghali mno. Kwa hiyo kila sehemu ya wigo, ambazo katika mpango mmoja unaotumika sana ni 112 kwa mwanga wa jua, hupewa safu moja tu iliyochaguliwa kwa bahati. Jibu la kila wakati huyumba kidogo, lakini halielemei upande wowote, na majaribio yameonyesha kwamba modeli huvumilia myumbo huo. Kituo cha Ulaya kiliianza kuitumia katika utabiri wa kila siku mwaka 2007. Faida yake kubwa ni ya kimantiki: maelezo ya umbo la wingu yametenganishwa na hesabu ya mionzi, hivyo kila moja laweza kuboreshwa bila kuvuruga jingine.

Njia hiyo, hata hivyo, haisemi maji yatofautiane kiasi gani kati ya safu na safu. Bado modeli lazima iambiwe, na wingi wa tofauti hiyo si sawa kati ya seli zilizofunga na zilizo wazi, wala kati ya asubuhi, wingu linapokuwa nene, na alasiri, jua linapokuwa limelipunguza. Modeli inayotumia tarakimu moja kwa hali zote imehamisha tatizo la 0.7 mahali pengine. Aidha, kila safu huchukuliwa kana kwamba haina jirani. Katika stratokumulusi iliyofunga dhana hiyo haina madhara makubwa kwa wastani wa kisanduku. Mawingu yanapokatika vipandevipande, hasa jua likiwa chini, miale hupiga ubavu wa wingu na kuvuka kutoka safu moja hadi nyingine, na hakuna mpangilio wa safu zilizotengana unaoweza kuiona. Mpango ulioelezwa na Hogan na wenzake mwaka 2016 hukadiria mvuko huo kwa kutumia urefu wa kingo za mawingu, kipimo ambacho modeli za zamani hazikuwahi kukihitaji na ambacho, kwa mawingu madogo ya bahari ya kitropiki, hubadilika kulingana na ukali wa jicho la setilaiti inayoyatazama.