Ruzuku ya Makumbusho Iandikwe Sheriani

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ilipoeleza wajibu wa Serikali Kuu wa kuzipatia halmashauri ruzuku, ilizitaja huduma kwa majina: elimu, afya, maji, barabara na kilimo. Makumbusho hayamo. Hatuwalaumu waliotunga sheria hiyo. Serikali za Mitaa zilikuwa zimefutwa tangu mwaka 1972 na zilikuwa zikiandaliwa kurudi, jambo lililotimia mwaka 1984, na nchi ilikuwa imetoka vitani na uchumi wake ukiwa hoi. Wakati ule, aliyesimama kuomba fedha za kuhifadhi vitu vya kale angeonekana hana haya.

Lakini zaidi ya miaka 40 imepita, na halmashauri nne zilizomo katika Handeni na Korogwe, mbili za wilaya na mbili za miji, bado zinaifuata orodha ile kana kwamba nje yake hakuna haja nyingine ya wananchi. Nayo Makumbusho ya Taifa, yanayoongozwa na sheria ya mwaka 1980, yana matawi Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea. Mkoani Tanga hayana hata moja. Mjini Tanga asasi ya Urithi Tanga imejitahidi kulitunza jengo la Boma la kale, nasi tunaipongeza. Ila kwa mtoto wa Kabuku au Magoma, Tanga ni safari yenye gharama.

Ni historia gani basi tunayoitetea? Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, ndipo ikaendelea Mombo na hatimaye Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza mkonge nchini. Miche 62 tu ndiyo iliyopona safarini, na kutokana nayo yakazaliwa mashamba ya Magunga, Ngombezi, Kwamdulu na mengineyo. Waliokata mkonge huo walitoka Njombe, Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Vipande vyao vya kazi vimebaki vingapi leo? Mashine za korona zilizokuwa zikikwangua majani ya mkonge zinauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Mazinde, alikotawala Semboja, msafiri hupita kwa basi bila ya kujua kwamba amepita.

Handeni nayo ina habari ambayo nchi nyingi zingeijengea jumba. Katika karne ya 19, njaa ilipoikumba Uzigua, watu wengi walichukuliwa utumwani wakavushwa bahari hadi Somalia. Huko wengine walitoroka, wakaanzisha vijiji vyao katika bonde la mto Juba, na wajukuu wao wakaendelea kusema Kizigua. Vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 viliwafurusha, na baadhi yao wakaja kupokewa Mkuyu, kisha Chogo, humo humo Handeni. Wengi wamepewa uraia wa Tanzania. Wamerudi katika ardhi ya mababu baada ya zaidi ya karne moja, na lugha ikiwa bado mdomoni! Wazee walioifanya safari hiyo wanapungua kila mwaka, na sauti zao zapaswa kurekodiwa sasa.

Tunajua atakachojibu diwani. Atasema watoto wanakaa chini, zahanati haina paa, na wewe unataka kabati la kioo la kuwekea vibuyu na mikuki. Hoja hiyo ni nzito wala hatuibezi. Hatuombi nusu ya bajeti. Tunaomba sehemu ndogo ya mapato ya ndani, lakini iliyoandikwa, isiyotegemea hisani ya mkurugenzi aliyepo wala wiki ya sherehe.

Mfano tunao. Kwa miaka mingi halmashauri ziliagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Waliotaka walitenga, wasiotaka waliacha. Mwaka 2018 agizo likaingizwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa mgawo wa nne, nne na mbili, na tangu hapo mkaguzi ana kifungu cha kuulizia. Huo ndio umbali uliopo kati ya agizo na sheria.

Wakati Bunge likisubiriwa kuirekebisha orodha ya mwaka 1982, madiwani wa Handeni na Korogwe wanao uwezo wa kutunga sheria ndogo. Waketi pamoja, maana mpaka wa wilaya hauigawi historia ya Wazigua, Wasambaa na Wabondei. Waseme ruzuku itatoka chanzo gani, nani atashika daftari la vitu vilivyopokewa, na kwamba familia iliyotoa kipande cha babu yake itapewa stakabadhi na haki ya kukirudisha ikitaka. Wasipoandika hilo la mwisho, hakuna atakayefungua sanduku lake. Mwaka wa fedha huanza Julai, na makisio hujadiliwa miezi kadhaa kabla.