Kahawa Yetu Nyumbani

Hapa Lubumbashi wengi wetu twanywa kahawa ya kopo itokayo ng'ambo, ilhali iliyo bora yaota kwetu Kongo, kando ya ziwa Kivu. Katika miaka ya vita wakulima wa Idjwi na Minova, kwa kukosa bei njema, waliivusha usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, wengi walizama. Kahawa iliyogharimu hivyo haistahili kuharibiwa jikoni.

Nunueni buni mbichi. Zikaangeni katika sufuria nzito juu ya mbabula, makala yakiwa mekundu pasipo ndimi za moto, mkikoroga bila kukoma. Zikianza kualika kama bisi, dakika 2 zaidi zatosha. Kisha zipepeteni zipoe upesi. (Wako wanaozichoma hata ziwe nyeusi kama makala yenyewe, hiyo twaiita majivu.) Zilale hadi kesho, ndipo mzitwange kinuni, zisiwe laini kama unga.

Kwa lita 1 ya maji tieni gramu 60. Mji wetu u mita 1,200 hivi juu ya bahari, hivyo maji huchemka kwenye digrii 96 tu. Yamimineni mara yachemkapo, funikeni dakika 4, chujeni kwa kitambaa safi. Sukari, kama ni lazima, itiwe kikombeni, wala si birikani.