Maziwa pacha ya Burera na Ruhondo: safari ya likizo fupi

Askari apatapo likizo ya siku tatu au nne huangukia katika shauri gumu. Kwa wazee ni mbali, na kukaa Gitega siku zote hizo ni kuwasikiliza watoto wakiuliza ni lini baba atawapeleka matembezi. Jamaa nyingi hukata shauri kwenda Rubavu, mji ambao wengine wangali wakiuita Gisenyi, wakaone mchanga na mawimbi ya Ziwa Kivu. Hatuna neno na Rubavu. Lakini leo twapenda kumwelekeza msomaji mahali pasipovuma sana, ambapo nyumba zetu za Gitega zina deni napo.

Safari yaanzia Nyabugogo, bondeni chini yetu. Basi la Musanze hupanda milima ya Shyorongi na Rulindo kwa kona zisizokwisha, na kwa kuwa watoto wengi hutapika katika kona hizo, wasishibishwe kabla ya kupanda. Karibu kila gari husimama Nyirangarama, kijiji kilichopata jina kwa mikate, maji ya matunda na pilipili ya mafuta iitwayo Akabanga, itengenezwayo na Bwana Sina Gerard. Ni duka na kiwanda kando ya barabara tu, lakini mtoto ataona jinsi mazao ya mkulima yageuzwavyo kuwa bidhaa. Kwa muda wa saa mbili hivi utakuwa umefika Musanze, uliokuwa ukiitwa Ruhengeri hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Watalii wa ng'ambo huushuka mji huu kwa ajili ya sokwe wa Kinigi. Wewe shika barabara ya Cyanika, mpakani mwa Uganda, na ushuke Kidaho.

Hapo ndipo macho hufunguka. Mbele yako umesimama mlima Muhabura, wenye urefu wa mita 4,127, na chini yake maziwa mawili yamelala kati ya vilima vilivyolimwa hadi kileleni. Zamani za kale volkano za Virunga zilimwaga lava iliyoziba mabonde, nayo mito ikakosa njia ikafanya maziwa. Burera ndilo kubwa na ndilo la juu. Ruhondo liko chini yake kwa takriban mita 100, ingawa ardhi iliyoyatenga ni nyembamba kabisa. Vijiji vya ukingoni ni vya wavuvi na wakulima, na mitumbwi ya mbao huvusha watu, mbuzi na magunia kwenda sokoni.

Wapo wasomaji wetu wa jeshini waijuao milima hii kwa miguu na kwa giza, tangu siku za mwaka 1991 au tangu vita vya waasi vya mwaka 1997 na 1998. Kwao huenda likawa jambo kubwa kuirudia mchana, wamemshika mtoto mkono.

Sasa tulieleze lile deni. Tofauti ile ya mita 100 ndiyo iliyowavuta wahandisi. Katika Ntaruka, maji ya Burera hushushwa kwa mabomba hadi ukingoni mwa Ruhondo na kuzungusha mitambo ya umeme iliyoanza kazi mwaka 1959. Yakitoka Ruhondo, maji yale yale hutumika tena katika kituo cha Mukungwa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa nchi, na kwa hiyo taa za Kigali, ilitegemea maziwa haya mawili.

Lakini Burera nalo lina mama yake. Juu ya vilima vya Butaro kuna kinamasi kiitwacho Rugezi, chenye matete na mafunjo, kipatacho zaidi ya hekta 6,000. Hunyonya mvua kama sifongo na kuiachia polepole kupitia maporomoko ya Rusumo (si yale ya mpakani na Tanzania). Watu walipozidi na ardhi kupungua, mifereji ilichimbwa, kinamasi kikakaushwa ili kulimwa, na udongo wa vilimani ukateremka na mvua. Mvua zenyewe zikawa chache, na mitambo haikutunzwa ipasavyo. Kufikia mwaka 2004 kina cha Burera kilikuwa kimeshuka mno hata Ntaruka ikatoa sehemu ndogo tu ya umeme wake. Akina mama wa Gitega waliokuwapo hawajasahau mishumaa, wala pasi ya mkaa iliyotolewa tena uvunguni ili sare inyooshwe kabla ya gwaride la asubuhi. Serikali ililazimika kukodi mitambo ya dizeli kwa gharama kubwa.

Dawa yake ilikuwa chungu, na walioimeza hawakuwa sisi wa mjini. Kilimo ndani ya Rugezi kilikatazwa. Jamaa zilizokuwa na mashamba humo ziliyapoteza, na si haki kuusifu ushindi huu bila kuwataja watu hao. Kwenye miteremko yalichimbwa matuta, mianzi na majani vikapandwa ukingoni mwa ziwa, na majiko yalayo kuni kidogo, yaitwayo rondereza, yakaenezwa. Maji yakarudi. Mwaka 2010 Rwanda ilitunukiwa tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo. Leo korongo wenye taji waonekana tena katika matete ya Rugezi, na watoto watapenda kuwahesabu.

Ukiwa na siku ya pili, panda Butaro. Hospitali yake, iliyofunguliwa mwaka 2011, ina kuta za mawe meusi ya volkano ambayo wakulima huyaona kuwa bughudha shambani. Mafundi wa huko huko waliyachonga yakashikana vizuri ajabu. Upande wa Ruhondo iko misheni ya Rwaza, iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1903.

Mwenye likizo ndefu zaidi aongeze Karongi, uliokuwa Kibuye, kwenye Ziwa Kivu. Usiku wavuvi hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba, kwenda kutega sambaza. Samaki hao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, mwaka ule ule wa Ntaruka. Kanisa lililo juu ya ziwa ni mahali pa kumbukumbu ya maelfu waliouawa mwaka 1994, na watoto waelezwe hilo kabla ya kufika, kwa utulivu.

Maandalizi ni machache. Usiku wa Burera ni baridi, basi sweta na blanketi zisisahauliwe hata kama Gitega kuna jua. Chakula kibebwe kwa kikapu, kwa maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu mwaka 2008. Bei ya mtumbwi ipatanwe kabla ya kupanda, na asipande mtoto yeyote asiyevaa jaketi la kuelea, hata mwenye mtumbwi akicheka. Nenda majini asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Wakati wa kurudi nunua viazi vya Musanze, ambavyo udongo wa volkano huvistawisha sana. Vihifadhi gizani na udongo wake, usivioshe mpaka siku ya kuvipika.