Je, Wajua? Mtambo wa saa uliofichwa darini

Je, wajua kwamba mmoja wa mitambo ya saa inayosakwa sana na wakusanyaji uliokolewa na fundi aliyekaidi amri? Mwaka 1975 wamiliki Wamarekani wa kiwanda cha Zenith, mjini Le Locle, Uswisi, waliamuru kiache saa za springi na kushika za kwatsi, zinazotumia betri. Vifaa vya zamani viuzwe kama vyuma chakavu. Fundi Charles Vermot hakuridhia. Kimyakimya alivipandisha darini vifaa vya kuundia mtambo wa El Primero, akavibandika lebo na kuandika daftarini kila kimoja kilivyotumika. Katika miaka ya 1980 utengenezaji ukaanza upya. Mwaka 1988 Rolex ikautumia mtambo huo katika saa yake ya Daytona.

Kwa usahihi wa majira, hata saa ya betri ya bei ndogo huushinda. Hilo halina ubishi. Lakini itazame akrabu ya sekunde: ya kwatsi huruka mara moja kwa sekunde, ya El Primero husogea hatua 10. Na kipande kikivunjika, fundi hodari anaweza kukichonga upya.