Ruzuku kwa Vikundi vya Kijamii na Suala la Lugha

Katika sehemu nyingi za Kenya, vijijini na mitaani, vikundi vya kujitolea huendesha mikutano yao kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Mwenyekiti hufungua kikao, katibu huandika kumbukumbu katika daftari, naye mweka hazina hutaja kiasi kilichochangwa na kiasi kilichobaki. Hadi hapo kila mwanachama hufuata mambo yanavyokwenda. Hali hubadilika siku ambayo kikundi huamua kutafuta ruzuku. Ghafla yahitajika hati iliyoandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, na shughuli iliyokuwa ya watu thelathini huangukia mikononi mwa mtu mmoja, aghalabu asiyekuwa mwanachama. Makala haya yanaeleza ruzuku ni nini, hupatikana wapi na huombwaje. Aidha, yanadai kwamba kikundi kisichoweza kusoma ombi lake chenyewe kimo hatarini hata kikipewa fedha.

Neno ruzuku na majirani zake

Neno ruzuku lina asili moja na riziki. Katika matumizi ya jadi, anayeruzuku ni Mwenyezi Mungu, naye mja hupokea bila kudaiwa stakabadhi, angalau hapa duniani. Katika matumizi ya leo, ruzuku ni fedha zinazotolewa kwa kazi maalumu, ambazo hazirejeshwi iwapo zimetumika jinsi ilivyokubaliwa. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika.

Ruzuku haina budi kutenganishwa na mkopo. Hazina ya Maendeleo ya Biashara kwa Vijana, iliyoanzishwa mwaka wa 2006, na ile ya Wanawake, iliyoanza mwaka wa 2007, zilibuniwa ili kutoa mikopo. Hazina ya Uwezo, iliyozinduliwa mwaka wa 2013, nayo hukopesha. Kwa upande mwingine, hazina ya serikali ya kitaifa ya kuwainua walio pembezoni, iliyoundwa mwaka wa 2015 na inayohusishwa na ofisi za wawakilishi wa wanawake katika kaunti, hutoa ruzuku kwa vikundi. Mashinani zote huitwa "pesa za serikali". Kwa kuwa jina ni moja, wapo wanaochukua mkopo wakidhani wameruzukiwa, na hugutuka marejesho yanapodaiwa.

Neno jingine linalostahili kuchunguzwa ni mfadhili. Asili yake ni fadhila, yaani wema anaotendewa mtu asiyekuwa na haki ya kuudai. Yamkini ndiyo sababu barua nyingi za maombi hujaa unyenyekevu: "twaomba kwa heshima na taadhima", "hatuna mwingine wa kumtegemea ila nyinyi". Lugha hiyo ni ya adabu, lakini haimsaidii msomaji wake. Shirika linalotoa ruzuku limekabidhiwa fedha na wengine ili kazi fulani ifanyike, nalo litatoa hesabu kwa hao waliolikabidhi. Linatafuta mtu wa kuifanya kazi hiyo. Kwa hivyo uhusiano uliopo ni wa mkataba, na barua ya kuomba sadaka hujibu swali ambalo halikuulizwa.

Mahali pa kuanzia

Milango ya karibu hubishwa kwanza. Kabla ya yote, kikundi kinapaswa kusajiliwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka wa 2022 inahitaji kikundi cha kawaida kiwe na watu wasiopungua kumi, na usajili hufanywa kupitia ofisi ya Maendeleo ya Jamii. Kikundi hupeleka katiba yake, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano ulioamua kisajiliwe. Hati hizo tatu, pamoja na akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, ndizo zitakazodaiwa tena na karibu kila mtoaji wa ruzuku.

Mbali na hazina za serikali, lipo Shirika la Maendeleo ya Jamii la Kenya lijulikanalo kwa herufi KCDF, lililoanzishwa mwaka wa 1997. Shirika hili limejulikana kwa mtindo wa kuongezea juu ya kile ambacho jamii imechanga yenyewe, mtindo unaoafikiana na desturi ya harambee. Kwa masuala ya mazingira, upo Mpango wa Ruzuku Ndogo unaosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulioanza mwaka wa 1992. Jambo la kuwavutia wanaisimu ni kwamba mpango huu umewahi, katika nchi mbalimbali, kupokea maombi kwa lugha za wenyeji na hata kwa njia ya video. Kumbe si sheria ya maumbile kwamba ombi liandikwe kwa Kiingereza.

Mti uliopandwa na mti ulioshika

Historia ya Kenya inao mfano bora wa jinsi ruzuku hufanya kazi. Mwaka wa 1977 Wangari Maathai alianzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 harakati hiyo ilipata ufadhili kutoka Norway na kutoka hazina ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa kwa ajili ya Muongo wa Wanawake. Fedha hizo ziliwafikia wanawake wa vijijini, ambao wengi wao hawakuwa na elimu kubwa ya shuleni, kwa utaratibu ulioeleweka na kila mmoja. Mwanamke alilipwa kiasi kidogo kwa kila mche. Hata hivyo, mche uliohesabiwa ni ule ulioshika na kuendelea kuishi baada ya kuhamishwa kutoka kitaluni.

Wataalamu wa miradi wangeuita utaratibu huo ufuatiliaji kwa kutumia viashiria. Wanawake wale hawakuhitaji neno hilo. Walijua kwamba kupanda si kuotesha, na kwamba atakayekuja kuhesabu atahesabu miti iliyo hai. Mfadhili aliyekuwa Oslo na mpanzi aliyekuwa Murang'a walitazama kitu kimoja na kukihesabu kwa namna moja. Palipo na maelewano ya aina hiyo, taarifa ya mradi huandikika bila taabu.

Kuligeuza tatizo liwe ombi

Ichukuliwe mfano wa kubuni wa kikundi cha akina mama kinachotaka kuijengea chemchemi ya kijiji. Rasimu ya kwanza aghalabu husema: "Kikundi chetu kinaomba msaada kwa sababu maji ni shida kubwa na akina mama wanateseka." Hakuna uongo katika sentensi hiyo, ila ingeweza kuandikwa na kijiji chochote. Rasimu ya pili yaweza kusema hivi: "Kaya 140 huteka maji katika chemchemi moja iliyo wazi. Mifugo hunywa papo hapo. Mvua inaponyesha, maji hujaa tope na watu huenda mtoni, mwendo wa saa nzima." Sentensi ni fupi, hazina tamko hata moja la kusihi, na msomaji aliye mbali ameliona tatizo. Waliozijua takwimu hizo ni akina mama wenyewe, na walizijua kwa lugha yao. Wao ndio waliozihesabu nyumba wakati wa kuchangisha matanga na arusi.

Kisha huja maswali ambayo kikundi lazima kiyajibu kabla hayajaulizwa. Chemchemi imo katika shamba la nani, na je, mwenye shamba ametia sahihi kwamba watu wataruhusiwa kupita? Nani atakayezibua bomba likiziba baada ya miaka miwili? Fedha za kulikarabati zitatoka wapi? Miradi mingi ya maji haiharibiki kwa kukosa saruji. Huharibika kwa sababu hakuna aliyeteuliwa kuitunza.

Bajeti nayo si orodha ya matamanio. Kila kitu hutajwa kwa idadi na bei: mifuko ya saruji, mabomba, siku za kazi za fundi. Karatasi za bei kutoka maduka mawili au matatu huambatishwa. Mawe na mchanga ambao wanakijiji watausomba wenyewe, pamoja na siku watakazochimba, huthaminiwa kwa shilingi na kuandikwa kama mchango wa jamii. Vikundi vingi huacha kuandika mchango huo kwa kudhani kwamba jasho si fedha, hivyo huonekana kana kwamba vimekuja mikono mitupu.

Istilahi ndizo zinazoleta mkanganyiko mkubwa zaidi. Fomu za Kiingereza hutofautisha ngazi tatu: kitu kilichojengwa, badiliko linaloonekana kwa watu, na hali ya maisha baada ya miaka mingi. Katika tafsiri nyingi za Kiswahili, ngazi hizi zote huitwa matokeo. Kikundi kikiulizwa matokeo, hutaja chemchemi iliyojengwa na kukomea hapo, ilhali mwulizaji alitaka kujua kama watoto wamepungukiwa na ugonjwa wa kuhara. Wapo waliopendekeza mazao, matokeo na athari. Mgao huo una mantiki, lakini athari katika masikio ya Wakenya wengi hukaribiana na madhara. Mwanachama akiulizwa athari za mradi, hujitetea. Hali kadhalika, neno walengwa, linalotumiwa sana Tanzania, humweka mwanakijiji mbele ya mshale. Wanufaika ni afadhali, ingawa nalo lachukulia kwamba wamekwisha kunufaika.

Mwandishi wa kukodiwa

Pengo hili la lugha limezaa kazi. Wapo watu ambao huandikia vikundi maombi kwa malipo, baadhi yao wakidai asilimia ya fedha zitakazopatikana. Si wote walio walaghai. Hata hivyo, mwandishi wa aina hii hulipwa ombi likifaulu, wala haulizwi kazi ikishindikana. Hivyo hushawishika kuahidi mengi: chemchemi moja huwa tatu, mafunzo ya siku mbili huwa ya mwezi. Kikundi hutia sahihi mkataba kisioweza kuusoma. Mwaka unapokwisha, mkaguzi hufika na nakala mkononi na kuuliza ziliko chemchemi mbili zilizosalia. Mwenyekiti na mweka hazina, ambao hawakuiba hata shilingi moja, huonekana wezi mbele ya majirani zao. Kikundi kilichodumu miaka kumi kwa michango midogo huweza kusambaratika kwa sababu ya ruzuku moja.

Hatari ya pili ni ya kutegemea mkono mmoja. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la USAID lilikuwa limeacha kuendesha misaada hiyo. Nchini Kenya, huduma nyingi za afya zilizotegemea fedha hizo ziliyumba. Vikundi vilivyokuwa na vyanzo viwili au vitatu, hata kama kimojawapo ni chama cha mzunguko cha wanachama wenyewe, vilikuwa na pa kuegemea.

Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa Kiswahili

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ofisi ya umma inayotoa ruzuku kwa fomu ya Kiingereza pekee ina swali la kujibu. Hata hivyo, fomu haitajitafsiri. Yahitajika istilahi zilizojaribiwa katika mikutano halisi badala ya kubuniwa mezani, na tafsiri za mikataba ambazo mweka hazina anaweza kuzisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Chama cha wanafunzi kilicho karibu na ofisi ya Maendeleo ya Jamii chaweza kuanza na hati moja tu: kuichukua fomu ya ombi inayotumika wilayani, kuitafsiri, kuipeleka kwa kikundi kimoja na kusikiliza ni swali lipi linalowafanya wanachama watazamane.